Kiti Kilicholala na Senene

Vishimo vya sahani vilikuwa tisini na sita, na vyote vilibaki vyeupe kama maji ya mvua. Tulisubiri vigeuke bluu, havikugeuka. Daktari, mkuu wa mradi, alitazama saa yake, akatazama sahani, akatazama saa tena kana kwamba yenyewe ndiyo imekosea. Binti wa maabara alikuwa ameshika kichupa cha tindikali, ile ya kugeuza bluu kuwa njano, lakini hakukuwa na bluu ya kugeuza. Ndani ya sahani ile mlikuwa na damu ya watu wa kijijini kwetu Muleba, watu niliowashawishi kwa mdomo wangu mwenyewe wanyooshe mikono. Damu yangu ilikuwemo, safu ya tatu, kishimo cha tano. Ya mamamkwe wangu ilikuwa kishimo cha sita, jirani kabisa, kama tulivyoishi.

Ndipo nikacheka.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Machozi yalinitoka, na kila nilipokiziba kicheko kwa kiganja kilitokea puani. Daktari aliniangalia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu chake.

"Mama Usafi," akasema taratibu, "sahani hii umeiosha na nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia. Majina sitataja, maana nimeonywa kwamba nikiyataja nitajikuta mahakamani. Lakini vyeo nitavitaja, na mwenye cheo chake atajijua.

Turudi nyuma, kwa sababu hakuna atakayeelewa kicheko changu bila kujua kilikotoka.

Nilikuwa mke wa mtu huko Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, malaria iliponipanda kichwani. Asubuhi nilikuwa naanika kahawa, jioni nikiulizwa jina langu sijui. Siku nne zilipita bila mimi kuwepo. Nilipozinduka hospitalini nilikuwa nimefungwa kitandani kwa khanga mbili, moja yangu na moja ya mamamkwe, na mamamkwe mwenyewe amesimama pembeni analalamika kwamba yake nimeichana.

Nikapona. Wengine waliolazwa wodi ile hawakupona, na hilo sisahau. Lakini vitu viwili vilibadilika. Maneno yalianza kunikimbia: nataka kusema jembe, nasema kile cha kulimia. Na kicheko kikaja. Nikiogopa, nacheka. Nikipewa habari mbaya, nacheka. Kwenye mazishi ya baba mkwe nilicheka mpaka padri akasimamisha sala, akafungua macho, akaangalia kama kuna kitu kimeanguka. Hakuna kilichoanguka ila mimi. Mamamkwe akanyoosha kidole mbele ya watu wote akasema ile malaria ilishaondoka siku nyingi, hiki kilichobaki ni mizimu ya kwao, ameletwa nayo kwenye sanduku la harusi. Mume wangu naye akaenda kisiwani Goziba kuvua samaki, akavua mke mwingine. Hajarudi.

Nikahamia Bukoba mjini, nikapanga chumba Nshambya, nikapata kazi ya usafi kwenye jengo la utafiti. Walikuwa wanatafiti nini mimi sikujua wala sikuuliza. Nilideki, nikafuta meza, nikamwaga takataka, nikacheka peke yangu.

Siku moja nikasikia wanaambizana koridoni: kiti kinakuja. Kiti kimeshafika Mwanza. Kiti kisipate joto. Nikajua kuna mkubwa anahamia. Nikasogeza meza, nikadeki kona nzima, nikatundika hata kitambaa cha kufuma ukutani ili mgongo wake usichafuke. Dereva akaingia amebeba boksi lisilozidi boksi la viatu, limezungukwa na vipande vya barafu. Nikamuuliza kiti kiko wapi. Akasema ndicho hiki. Nikamuuliza na huyo atakayekalia ana ukubwa gani.

Binti wa maabara alicheka hadi akakaa sakafuni, kwa kuwa kiti cha kukalia hakikuwepo. Tangu siku ile akanipenda, akaanza kuniita mama, na akaanza kunifundisha.

Kumbe kiti chao ni "kit" ya Kiingereza, yaani seti ya kupimia. Ndani ya boksi mna sahani mbili za plastiki, kila moja ina vishimo tisini na sita, na vichupa vya dawa vimepangwa kama mayai. Aliponieleza kinavyofanya kazi nilielewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu mimi nimekulia na kaka waliotega ndege kwa ulimbo. Ubongo, alisema, unaongea wenyewe kwa wenyewe kwa kutumiana vitu vidogo sana, na mlangoni pa kila chembe ya ubongo kuna protini ya kuvipokea, wanaiita kipokezi. Wanavyodhani wao, malaria ikipanda kichwani inavunja milango, na vipande vya vipokezi vinapukutika na kuingia kwenye damu. Ndivyo walivyotaka kuvipima. Sasa chini ya kila kishimo wamepaka ulimbo wa ajabu, unaonasa ndege wa aina moja tu na wengine wote unawaacha wapite. Wao wanauita kingamwili. Unamimina maji ya damu, kipande cha kipokezi kikiwemo kinanasa. Unaosha. Unamimina ulimbo wa pili uliobeba kitu cha kuleta rangi, nao unamng'ang'ania ndege mgongoni. Unaosha tena. Unatia dawa, panageuka bluu. Unatia tindikali, bluu inakuwa njano, na mashine inasoma. Njano ikikolea ujue milango mingi imevunjika.

Nikamuuliza kama mlango wa kicheko nao umo. Akasema hajui, lakini huenda.

Huenda. Neno dogo hilo lilinifanya nisilale raha. Miaka yote nilikuwa naambiwa nina mizimu, na sasa kulikuwa na kisahani kinachoweza kusema hapana, ni malaria ile ile, imemvunjia milango.

Kwenye kuosha ndipo nilipopata cheo. Kuosha kwenyewe si kama kuosha vyombo. Unajaza vishimo kwa dawa ya kuoshea iliyotoka ndani ya boksi, kwa bomba lenye midomo minane, unamwaga, kisha unakipigiza kisahani kifudifudi juu ya karatasi laini. Pigo moja zito, bila huruma. Binti wa watu mkono wake ulikuwa wa kubembeleza, anapigapiga kama anamlaza mtoto. Mimi nimepepeta maharage maisha yangu yote. Tulijaribu kwa kiti cha zamani kilichopita muda wake, na sahani yangu ikatoka safi kuliko yake. Akanieleza tofauti: usipoosha vizuri, ulimbo wa pili unabaki umezagaa, na kila kishimo kinageuka njano hata kile cha maji matupu. Uchafu unaleta rangi. Shikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.

Tukaenda Muleba kutafuta damu. Daktari alikusanya watu uwanja wa ofisi ya kijiji, akasimama, akasema kwa Kiswahili cha kwenye vitabu kwamba tutachukua damu zenu, tutazipeleka kwenye kiti, na kiti kitatuonyesha vipokezi vya ubongo.

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Waitu Daktari," akauliza kwa heshima zote, "hicho kiti kinapokea ubongo wa mtu akiwa amekaa, au mpaka alale?"

Akina mama wakaanza kufunga watoto mgongoni. Nyuma kukapita habari kwamba kiti ni cha umeme. Daktari alipoona hawamwelewi akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kama wanavyofanya wasomi, na uwanja ukazidi kupungua. Nikaogopa. Na kwa kuwa niliogopa, nikacheka, na kwa kuwa nilicheka, wote wakageuka. Kila mtu alinijua pale. Mimi ndiye yule mwenye mizimu.

Nikasimama nikawaambia kwa Kihaya. Nikawaambia hakuna anayekalia kiti, wala hicho si kiti cha kukalia. Nikawaeleza habari ya milango na vipande na ulimbo unaochagua ndege. Nikawaambia mimi mwenyewe nitatoa damu kwanza. Mzee aliyeuliza akacheka mpaka fimbo ikamdondoka, akasema kama ni ulimbo angeambiwa mapema, yeye ameshanasa ndege wengi kuliko Daktari. Wakapanga mstari. Mwisho nikawaahidi kila mtu atapata karatasi yake ya majibu. Daktari ndiye aliyesema hivyo, mimi nikarudia. Kama ulikuwa uongo, basi nilidanganya kwa mdomo wake.

Mamamkwe alikuja amevaa gauni la Jumapili. Mradi ulihitaji pia watu ambao hawajawahi kupandwa na malaria kichwani, wa kulinganishia, na binti alipouliza nani hajawahi, yule mama aliwapita watu sita kwenye mstari.

"Nipimeni mimi," akasema. "Muone kichwa cha mtu mzima kinavyokuwa."

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Sokoni, kanisani, kwenye kisima, alikuwa anawaambia watu yeye ni wa kulinganishia. Alilitamka neno hilo kama mtu aliyepewa nishani. Kabla hatujaondoka akanivuta pembeni, chini ya migomba.

"Karatasi zikija, zije pamoja, yangu na yako. Tutajua nani ana mizimu."

"Na kama ni malaria, mama?"

Akafikiri. Mama yule si mwongo, ana makali tu.

"Kama ni malaria, nitakuomba msamaha mbele ya jumuiya, nikiwa nimepiga magoti. Na magoti yangu unayajua yalivyo."

Basi mnaona nilichokuwa nasubiri. Wengine walisubiri kujua kwa nini wanasahau, kwa nini wanaanguka. Mimi nilisubiri magoti ya mamamkwe.

Kisha msimu wa senene ukafika, na hapo elimu ikaanza kujionyesha.

Ilikuwa Ijumaa. Dereva alirudi kutoka Muleba na ndoo mbili za senene hai, zimefunikwa kwa chandarua. Zilikuwa za Daktari, anataka kumpelekea mkubwa wake Dar kwa ndege ya Jumatatu. Akaniita niache deki, akamwita na binti, tukakalishwa chumba cha chai kuchambua. Mnaozijua senene mnajua: unang'oa mbawa, unang'oa miguu, zenyewe zinakutazama tu. Nusu ya ndoo ilitutoroka. Zikarukaruka koridoni, moja ikaingia kwenye mashine ya kusomea rangi, nyingine ikatua juu ya miwani ya Daktari wakati anaongea na simu kwa Kiingereza, naye akaendelea kuongea na wakubwa zake huku mdudu anamkodolea. Binti alijifungia chooni kucheka. Nikakaanga sufuria moja kwa kitunguu, tukala wote, na dereva akaapa kwamba tangu azaliwe jengo lile halijawahi kunukia vizuri hivyo. Nilikula, sikatai. Mamamkwe mpaka leo hali senene, kwa sababu zamani mwanamke alizikusanya na mwanaume ndiye aliyezila. Mimi siku ile nilikula kwa niaba yetu wawili.

Zilizobaki zikajaa ndoo moja na robo. Zitalala wapi hadi Jumatatu? Friza lilikuwepo, lakini lilikuwa na damu za watu wa Muleba, na Daktari akasema zawadi ya mkubwa haiwezi kulala na damu za watu. Alikuwa na adabu hiyo. Akafungua friji dogo, lile la kiti. Akasukuma boksi pembeni, akaingiza ndoo, akaona halina baridi ya kutosha, akashika kile kitufe cha kuzungusha kilichokuwa kwenye tatu na kukipeleka mpaka saba.

Sasa mimi Kiingereza sisomi. Lakini picha nasoma. Kwenye boksi la kiti kuna picha ya nyota ya barafu, imekatwa kwa mstari.

"Daktari," nikasema, "hicho kiboksi kina nyota iliyokatwa."

"Nyota ziko angani, Mama Usafi."

"Hii iko kwenye boksi. Maana yake kisigande."

Akanigeukia na tabasamu. "Kwani ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi friji wanafundisha la sita."

Walicheka wote. Dereva alicheka, mtunza stoo alicheka, hata mimi nilicheka, kwa sababu niliogopa. Daktari akatoa simu akapiga picha ndoo zikiwa ndani ya friji, akairusha kwenye kundi la wafanyakazi na maneno haya: mzigo wa mkubwa uko salama.

Jumatatu asubuhi tulipofungua, senene zilikuwa zimekuwa ngumu kama kokoto. Dereva akazipeleka uwanja wa ndege na zikafika Dar vizuri, nimeambiwa zilisifiwa sana. Boksi la kiti lilikuwa limeota ukungu wa barafu. Binti alitoa kichupa cha ule ulimbo wa pili, unaoleta rangi, akakitikisa. Hakikutikisika. Kilikuwa jiwe. Akaenda ofisini kwa Daktari, akarudi macho chini. Ameambiwa ayeyushe aendelee, ratiba haisubiri. Akaviweka vichupa kwapani, huku na huku, akasimama dirishani kama mgonjwa anayejipima homa.

"Mama, nyamaza," akaniambia. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

Nikanyamaza. Kwa hiyo na mimi nimo, andikeni. Nilinyamaza kwa kumwonea huruma, na huruma ile wamelipa watu wote wa kijijini kwetu.

Jumanne tukapima. Sahani ya kwanza niliosha mimi, ya pili akaosha binti mwenyewe. Yaliyotokea mmeshayasoma mwanzo. Kwenye kila sahani kuna vishimo vya mfano, vile ambavyo wenye kiti wanakupa kipokezi chenyewe kwenye kichupa ili ujue lazima vigeuke. Hata vile havikugeuka. Binti akafunua sahani ya pili, aliyoosha yeye, mwenye digrii. Nyeupe vile vile.

Sasa Daktari akiwa ameniuliza nimeosha na nini, nikajikaza, nikajibu.

"Nimeosha na dawa ya kwenye boksi. Na sahani ile nyingine sikuigusa."

"Umetia sabuni ya unga."

"Daktari, uchafu unaleta rangi. Hapa hakuna rangi. Kichupa kimekufa kwa baridi."

Alitazama friji, mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama mlango aliouacha wazi. Kisha akamwambia binti aandike ripoti. Binti akaandika, na mimi nikarudia kucheka, na kicheko hicho kikaingizwa kwenye ripoti kwamba mhusika hakuonyesha kujali.

Ripoti ilikwenda ng'ambo kwa wenye mradi. Ilikuwa kwa Kiingereza, na binti ndiye aliyenifasiria baadaye, tumekaa nyuma ya jengo, huku analia na mimi nacheka, mpita njia asingejua nani kafiwa. Ilisema majibu yameharibika kwa kosa la mfanyakazi wa usafi katika kuosha sahani. Senene hazikutajwa. Kitufe cha friji hakikutajwa. Nikaambiwa nirudishe ufunguo wa stoo na gwanda la kijani.

Nikarudi Muleba, na habari ilishafika kabla yangu. Niliowaambia hakuna anayekalia kiti wakanisubiri njiani. Mzee wa ulimbo hakunisalimia. Mama mmoja aliniambia umeifua damu yetu kama mashuka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mamamkwe, nikitegemea wimbo wa mizimu.

Hakuuimba. Alinipa katogo, ndizi zilizopikwa na maharage, akaningoja nimalize, kisha akasema nieleze. Nikaeleza yote mpaka makwapa ya binti. Nikatoa simu. Daktari alishaifuta ile picha kwenye kundi, lakini mimi nilikuwa nimeihifadhi siku ile ile, si kwa ujanja wowote, ila kwa sababu nimetokea pembeni nimeshika ungo na nimependeza. Mamamkwe akavaa miwani. Akaona ndoo. Akaona kitufe kimeelekea saba. Akaona boksi, na nyota yake iliyokatwa.

"Hili ndilo friji la kiti?"

"Ndilo, mama."

Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Kwa hiyo mimi, wa kulinganishia, nimechanganyiwa na panzi."

Nikacheka. Na yule mama, ambaye kwa miaka yote hajawahi kucheka nami, midomo ikamtetemeka, akajaribu kukaza uso, akashindwa. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mamamkwe akamwambia kuna kesi.

Asubuhi tukapanda basi la Bukoba, yeye na gauni lake la Jumapili. Getini mlinzi akasema Daktari yuko kwenye kikao. Mamamkwe akasema atasubiri.

"Niletee kiti, baba," akamwambia mlinzi. "Cha kukalia, safari hii."

Mlinzi akaleta. Mamamkwe akakaa pale katikati ya geti mpaka adhuhuri, mikono mapajani, gari haliingii wala halitoki. Kila aliyepita kwa miguu alimwonyesha simu yangu. Binti wa maabara alitoka, akapiga magoti kumsalimia, akatuambia jambo nililokuwa silijui: kila damu iligawanywa chupa mbili, na ya pili bado iko ndani ya friza, haijaguswa. Kinachohitajika ni kiti kingine na friji lisilo na mdudu. Daktari aliondoka kwa mlango wa nyuma, kwa miguu. Tulimwona kupitia kwenye ua, na nawaambia alikuwa anakimbia vizuri kwa mtu wa umri wake.

Basi Daktari, kwa kuwa getini hukutokea, nakuuliza hapa. Dereva alibeba ndoo, amekubali. Mtunza stoo alicheka, amekubali. Binti aliyeyusha vichupa na kunyamaza, amekubali mbele ya mamamkwe, na mkataba wake umeisha hata hivyo. Mimi nilichambua, nikakaanga, nikala, nikanyamaza, nimeshasema. Umebaki wewe.

Agiza kiti kingine. Toa chupa za pili, pima, kila mtu apate karatasi yake kama ulivyotuahidi. Kabla ya hapo njoo Muleba, kwenye uwanja ule ule, usimame mbele ya watu uliowachukua damu. Kiswahili cha vitabu kiache ofisini. Mimi sitakuwa na neno, nitakaa mbele pamoja na mamamkwe, ambaye magoti yake yako tayari yakihitajika. Tunataka swali moja tu ulijibu kwa mdomo wako mwenyewe, taratibu, kama ulivyoniuliza mimi: sahani zetu ziliharibiwa na sabuni ya nani, au na senene za nani?